Mwenye Cheo na Ndugu Zake



Swali letu la leo ni la zamani sana, lakini halijazeeka. Mtu akipata cheo, ndugu zake wana haki gani juu yake? Na yeye akisema, "Hawa ni watu wangu," je, ataka kusema kwamba atawahudumia, au kwamba wao watamhudumia yeye? Swali hili huzuka nyumbani kila mara kijana wa ukoo anapopewa kazi ya serikali, au jirani anapochaguliwa kutunza sanduku la fedha la parokia. Huulizwa pia, kwa sauti ya chini zaidi, na wale wasio na ndugu hata mmoja mwenye cheo.

Ili tupate kujibu, tutatazama maisha ya mtu mmoja aliyekuwa na mamlaka makubwa na ukoo mkubwa. Hatukuhitaji kwenda mbali kumtafuta. Alipita mbele ya mlango wetu.

Mgeni aliyepita Simi-Simi

Watu wa mbali wakisikia jina la Simi-Simi hukumbuka uwanja wa ndege, na asubuhi ya tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka hapa wakati wa uasi wa Simba. Lakini ukingo huu wa mto umewaona wageni wengine kabla ya hapo. Mwezi wa Juni 1887 mashua ya moshi ilipanda mto kutoka upande wa bahari ya magharibi, ikapita hapa ikielekea kwenye maporomoko. Ndani yake alikuwamo Mwarabu wa Unguja, mtu wa umri wa kiasi cha miaka 50, jina lake Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Watu wa bara walimwita Tippu Tip.

Alikuwa ametoka Unguja pamoja na Stanley, akaizunguka Afrika ya kusini yote kwa meli mpaka mdomo wa mto Kongo. Alikuwa na mkataba uliotiwa sahihi Unguja mwezi wa Februari mwaka ule ule. Kwa mkataba huo Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, alimfanya liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani hii yetu, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mtu aliyekuwa mfanya biashara wa pembe na watumwa sasa akawa mwenye cheo cha serikali.

Ukitaka kumfahamu mtu huyu, usianze na bunduki zake. Anza na ukoo wake. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanya biashara aliyekaa Unyanyembe, karibu na Tabora. Huko alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Kwa ndoa ile mgeni akawa mkwe wa mtawala, na njia zikamfungukia. Kijana Hamed alikua akiliona jambo hilo, akajifunza kwamba katika bara udugu hufungua milango ambayo risasi haiwezi kuifungua.

Naye alipokuwa mkubwa alifuata njia hiyo hiyo. Ndugu yake kwa mama, Muhammed bin Masud, aliyeitwa Kumbakumba, alikuwa mwenzake katika biashara. Muhammed bin Said wa ukoo wake, aliyeitwa Bwana Nzige, alimsaidia kuushika upande wa Manyema. Mwanawe Sefu alikaa Kasongo. Na alipoondoka Kisangani mwaka 1890, aliuacha mji mikononi mwa Rashid, mtoto wa Bwana Nzige. Kila mahali penye faida alikaa mtu wa damu yake, au mtu aliyelelewa nyumbani mwake.

Tuseme kweli: kwa kiasi fulani alikuwa na sababu. Mali ya safari zake aliikopa kwa matajiri wa Unguja, hasa kwa Mhindi Taria Topan. Safari moja yaweza kuchukua miaka mingi; yeye mwenyewe aliondoka pwani mwaka 1870 asirudi mpaka mwaka 1882. Njiani hapakuwa na polisi wala hakimu. Basi mali ya mkopo utamwachia nani, kama si ndugu yako? Watu wengi wangefanya vivyo hivyo, nasi tusijifanye wema kuliko yeye. Mpaka hapo hatujaona dhambi yoyote. Dhambi imekaa mahali pengine.

Bibi aliyetekwa

Katika uzee wake Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa ombi la Mjerumani mmoja, Heinrich Brode. Zikapigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903. Ndani ya habari hizo anaeleza jinsi alivyopata utawala wa Utetera, nchi iliyo kusini yetu, kabla ya mwaka 1874.

Njiani alisikia kwamba hapo kale mtawala wa Urua alikwenda kupiga vita upande ule, akawateka wanawake wa ukoo wa watemi wa Utetera. Miaka mingi ilikuwa imepita, lakini habari ile ilikuwa hai bado vinywani mwa watu. Tippu Tip akaisikiliza vizuri na majina akayashika. Kisha akasema hivi: mmoja wa wanawake wale alifika mikononi mwa babu yake, akamzalia binti, na binti huyo ndiye mama yake yeye. Kwa hiyo bibi yake, yaani mama wa mama yake, ni mtu wa Utetera. Yeye si mgeni. Yeye ni mjukuu anayerudi nyumbani.

Mtemi Kasongo Rushie alikuwa mzee. Aliposikia hayo alifurahi, akampokea kama damu yake, akamwachia utawala. Pembe za ndovu zikaanza kuletwa kwa Tippu Tip, kama zilivyokuwa zikiletwa kwa mwenye nchi.

Maneno yale hayakuwa kweli. Naye mwandishi anatusimulia pasipo haya, kama mtu anayesimulia jinsi alivyoshinda mchezo wa bao. Na wengi wanaosoma habari hiyo hucheka, kwa maana kweli ni hila ya mtu mwerevu.

Lakini sisi tukae hapo kidogo, tusicheke upesi. Tujiulize: kwa nini hila ile ilifaa? Mbona mzee mwenye nchi amfungulie mtu asiyemjua mlango wa nyumba yake? Ni kwa sababu kulikuwa na jeraha ambalo halijapona. Mwanamke aliyetekwa hakusahauliwa. Mama zake walikufa wakimtaja; watoto waliozaliwa baadaye walifundishwa jina lake. Ukoo ule ulikuwa kama nyumba yenye kiti kitupu, na kila mgeni akibisha hodi, mtu huinua macho. Siku moja mgeni akasema, "Mimi ndimi mjukuu wake." Twaweza kumlaumu mzee yule kwa kusadiki? Alisadiki neno alilokuwa akiliomba maisha yake yote.

Tena Tippu Tip alijua uzito wa jeraha lile. Alilijua vizuri kuliko wote, maana ndilo alilolitumia kama ufunguo. Mwizi wa kawaida aweza kujitetea kwamba hakujua thamani ya kitu alichoiba. Yeye hawezi. Alijua kwamba mwanamke mmoja akichukuliwa, ukoo mzima hulia miaka 50. Na huku akijua hayo, misafara yake na ya wenzake iliendelea kuchukua wanawake na watoto wa watu. Mwezi wa Novemba 1883, Stanley alipoukaribia mji wetu kwa mto, alikuta kambi ya watekaji waliotoka Nyangwe. Kwa hesabu yake mateka walikuwa kiasi cha 2,300, na karibu wote walikuwa wanawake na watoto. Kundi lile halikuwa la Tippu Tip, lakini kazi ilikuwa ile ile. Kila mmoja wa mateka wale alikuwa bibi wa wajukuu ambao hawatamwona.

Hapo ndipo tunapoiona dhambi yenyewe. Uwongo juu ya nasaba ni kosa, lakini si kosa kubwa zaidi. Kosa kubwa ni kwamba alilitwaa neno "bibi yangu" akachukua yote ambayo neno hilo laweza kuleta, asilipe hata kidogo kile ambacho neno hilo ladai. Aliyesema, "Mimi ni mjukuu wa mwanamke aliyetekwa," alikuwa amejitia deni mbele ya Mungu kwa kila mwanamke aliyetekwa. Udugu ni mlango, lakini ni deni pia. Yeye aliuingia mlango, na deni akaliacha nje.

Jambo hili si la Waarabu peke yao

Asije mtu akasema kwamba tunamtupia jiwe Mwarabu. Tazameni Roma, mji mkuu wa dunia ya siku zile Bwana wetu alipozaliwa. Kaisari Augusto, yule aliyeamuru watu waandikwe, kama tunavyosoma katika Injili ya Luka, alipataje kutawala? Alikuwa mjukuu wa dada yake Julius Caesar. Caesar alipouawa mwaka 44 kabla ya Kristo, wosia wake ulimfanya kijana huyo mwanawe, naye akaushika udugu huo kama ngazi akapanda mpaka juu.

Baadaye akawafanya watu wa nyumba yake kuwa ngazi pia. Alikuwa na binti mmoja tu, Julia. Alimwoza kwanza kwa Marcellus, mtoto wa dada yake. Huyo akafa kijana. Akamwoza kwa Agrippa, rafiki yake na jemadari wake, ambaye kwanza ilimpasa kumwacha mke wake. Agrippa naye akafa. Basi Augusto akamgeukia Tiberio, mtoto wa mke wake. Huyu alikuwa na mke, Vipsania, ambaye alimpenda. Akaamriwa amwache amwoe Julia. Akatii. Suetonius, mwandishi wa habari za makaisari, anasimulia kwamba siku moja Tiberio alimwona Vipsania kwa bahati, akamfuata kwa macho huku akilia. Wakubwa wakaangalia sana asipate kumwona tena.

Tiberio huyo ndiye aliyekuja kuwa Kaisari, na katika mwaka wa 15 wa enzi yake Yohane Mbatizaji alianza kuhubiri. Alikuwa mtawala wa dunia, na hakuruhusiwa kumtazama mwanamke aliyempenda. Julia naye baba yake mwenyewe alimfukuza kwa sababu ya zinaa, akafa uhamishoni. Hii ndiyo nyumba ambayo udugu wake ulifanywa chombo cha kutawalia. Ngazi hukanyagwa, wapenzi; na mtu akimfanya ndugu yake ngazi, hana budi kumkanyaga.

Wala tusiwasahau Wazungu waliokuja kwetu. Mwaka 1889 na 1890 mataifa yalikutana Brussels, mji mkuu wa Leopold, kushauriana jinsi ya kukomesha biashara ya watumwa. Lilikuwa neno jema. Lakini katika miaka iliyofuata, watu wa serikali yake na wa makampuni waliwafungia wanawake wa vijiji mpaka waume zao walete mpira kutoka msituni. Hivyo bibi yule aliyetekwa akatekwa mara ya pili, na safari hii mikononi mwa wale waliosema wamekuja kumkomboa.

Na ile nyumba ya Tippu Tip ilikuwaje? Aliondoka Kisangani mwaka 1890 asirudi tena. Mwaka 1892 vita vilianza kati ya watu wake na serikali ya Leopold. Ngongo Lutete, aliyekulia mikononi mwake na kuwa mkuu wa majeshi yake, akahamia upande wa serikali, na serikali hiyo hiyo ikamwua mwaka 1893. Rashid akafukuzwa Kisangani mwaka ule ule. Sefu akafa vitani mwezi wa Oktoba 1893. Mzee mwenyewe alikaa Unguja, akapelekwa mahakamani na mwenzake wa zamani, Rumaliza, katika kesi ya mali. Akafa mwezi wa Juni 1905. Hatusemi kwamba Mungu alimpiga. Mambo hayo ni siri yake. Twasema tu kwamba udugu uliokuwa ukishikwa na faida ulifunguka faida ilipokwisha.

Je, basi tusiwasaidie ndugu zetu?

Hapa msomaji mmoja atainua mkono. "Ninyi waandishi," atasema, "mwataka mtu mwenye cheo amwache mama yake na njaa, ili asifiwe kuwa hana upendeleo?"

La, hasha. Mtakatifu Paulo anamwambia Timoteo kwamba mtu asiyewatunza watu wa nyumba yake ameikana imani. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipoandika juu ya utaratibu wa mapendo, alifundisha kwamba yatupasa kuwapenda zaidi walio karibu nasi kwa damu, katika mambo yahusuyo damu. Mtu asiyemjali mama yake, akasema ampenda kila mtu, huyo hampendi mtu yeyote.

Lakini mwalimu huyo huyo aliongeza jambo ambalo twalisahau upesi. Alipoandika juu ya dhambi ya kupendelea nyuso za watu, alitenganisha mambo mawili. Udugu, asema, wamfanya mtu astahili kurithi mali ya baba yake. Lakini haumfanyi astahili kupewa cheo cha Kanisa. Sababu yake ni nyepesi hata mtoto aweza kuifahamu. Mali ya baba ni yake, naye aweza kumwachia mwanawe. Cheo si mali ya mwenye cheo. Ni amana. Nani amekupa ruhusa ya kurithisha kitu ulichowekewa tu?

Basi twaweza kupima hivi. Mtu ana mifuko miwili. Mmoja ni wake: mshahara wake, shamba lake, kuku wake. Kutoka mfuko huo awape ndugu zake kwanza, na Mungu atambariki. Mfuko wa pili ni wa amana: fedha ya watu, kazi ya watu, hukumu ya watu. Akiufungua huo, hana ndugu. Au tuseme vizuri zaidi, kila aliye mbele yake ni ndugu sawa na mwingine. Dhambi huanza pale mkono unapoingia mfuko wa pili kulipa madeni ya mfuko wa kwanza.

Tusione haya kukiri kwamba Kanisa lenyewe lilijikwaa hapo. Kwa miaka mingi baadhi ya Mapapa waliwapa wapwa zao vyeo na mali za Kanisa, mpaka Papa Inosenti wa Kumi na Mbili alipolikataza jambo hilo kwa sheria mwaka 1692. Sheria ilikuja kwa kuchelewa, lakini ilikuja. Mgonjwa anayejua jina la ugonjwa wake amekwisha anza kupona.

Paulo na mtumwa wa Filemoni

Tumemwona mtu aliyesema "bibi yangu" ili apate. Sasa tumwone mtu aliyesema "mwanangu" ili alipe.

Mtakatifu Paulo alikuwa kifungoni. Huko alikutana na mtumwa, Onesimo, aliyekuwa amemkimbia bwana wake Filemoni. Paulo akambatiza. Kisha akamrudisha kwa Filemoni na barua fupi mkononi, fupi kuliko barua zake zote. Ndani yake amwita mtumwa yule mwanawe, aliyemzaa gerezani, na amwomba Filemoni ampokee si kama mtumwa tena bali kama ndugu mpenzi.

Mpaka hapo hata Tippu Tip angeweza kuandika barua hiyo. Maneno ya udugu ni matamu, tena ni rahisi. Lakini Paulo hakuishia hapo. Aliongeza, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba kama Onesimo amemdhulumu Filemoni au ana deni lake, deni hilo liandikwe juu yake yeye Paulo, atalilipa.

Hapo ndipo tofauti yote ilipo. Mfungwa asiye na kitu achukua deni la mtumwa asiye na mtu, kwa sababu amemwita mwana. Hakuna aliyemlazimisha. Neno lenyewe lilimlazimisha. Na Paulo alilijua neno hilo, maana ndilo alilowaandikia Wakristo wa Roma: kwamba sisi tuliokuwa watumwa tumefanywa wana wa Mungu. Aliwaandikia watu walioishi katika mji ule ule ambako kufanywa mwana kulikuwa njia ya kupanda kitini, na Kaisari wa siku hizo, Nero, alikuwa amepata utawala kwa njia hiyo. Wao walimjua baba amfanyaye mtu mwana ili jina lake lisife. Paulo akawaonyesha Baba mwingine, ambaye ili atufanye wana alimtoa Mwanawe wa pekee afe msalabani. Udugu wetu ulilipiwa kwanza, ndipo tukaitwa ndugu.

Wahenga walisema udugu ni kufaana, si kufanana. Walikuwa wameuona nusu ya ukweli huo kabla ya misionari wa kwanza kufika.

Kwetu sisi

Tusingeandika haya yote kama jambo lenyewe lingekuwa la zamani tu. Katika parokia moja, ambayo hatutaitaja, Wakristo wa mtaa walikuwa na sanduku la kusaidiana katika misiba. Kila familia ilitia kidogo kila mwezi. Aliyechaguliwa kulitunza alikuwa mtu mwenye bidii, mwimbaji mzuri, tena mkarimu. Polepole wasaidizi wake wakawa wapwa zake, na misiba ya ukoo wake ikawa inasaidiwa upesi na vizuri. Hakuna aliyeiba. Kila fedha iliyotoka ilitoka kwa ajili ya msiba wa kweli.

Kisha mama mmoja mjane akafiwa na mtoto. Alikuwa ametoka mbali, na mjini hapo hakuwa na ukoo. Alikuwa ametia fedha yake kila mwezi. Alipokwenda kuomba aliambiwa asubiri kidogo, sanduku ni tupu. Akasubiri. Mtoto akazikwa kwa jeneza la mbao za kuazima, lililotengenezwa na jirani mmoja ambaye hata si Mkristo. Tulipoulizana baadaye, mmoja wetu alisema, "Unajua, yule mama hana mtu."

Neno hilo hatujalisahau. Hana mtu! Kila Dominika tulikuwa tukimwita mama. Tulipeana naye amani katika Misa Takatifu, tukala naye meza moja ya Bwana. Na sisi tuliokuwa pale tulijua mambo ya sanduku yanavyokwenda, tukanyamaza, kwa kuwa mwenye sanduku alikuwa mtu mwema, nasi wenyewe hatukuwa na msiba. Basi, kama Tippu Tip alidanganya alipomwita mwanamke asiyemjua bibi yake, sisi tulifanya nini tulipomwita mwanamke tunayemjua mama yetu? Yeye alitaka nchi na pembe. Sisi tulitaka tu kujiona wema siku ya Dominika. Faida ni ndogo zaidi, lakini uwongo ni ule ule.

Na mambo huanza kidogo hivyo, kisha hukua. Mwezi wa Februari 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulifumuka, ng'ambo ya mto, huko Lubunga, na katika vijiji vya nje. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, maelfu wakakimbilia mjini Kisangani na watoto mgongoni. Katika pande zote mbili walikuwamo waliobatizwa. Mtu aliulizwa, "Wewe ni mtoto wa nani?" na kwa jibu lake akaishi au akafa. Swali hilo ndilo Kasongo Rushie alilomwuliza mgeni wake. Ni swali zuri likiulizwa ili mtu akaribishwe. Likiulizwa ili mtu afukuzwe, ni swali la shetani.

Lakini tusikate tamaa, maana hapa petu pana ushuhuda mwingine. Lugha hii mnayoisoma, ililetwa Kisangani na nani? Ilipanda kwa miguu ya wapagazi na mateka. Watu walionyang'anywa koo zao, wasioelewana lugha, walijifunza Kiswahili katika njia ya minyororo, na kwa Kiswahili hicho wakaanza kuitana ndugu. Padri Gabriel Grison alipofika na kuianzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli siku ya Noeli mwaka 1897, miaka saba baada ya Tippu Tip kuondoka, aliikuta lugha hiyo mitaani. Leo twaitumia kumwita Mungu Baba. Neno "ndugu" lilipita katika mikono michafu, nalo halikuchafuka. Latungoja tulilipie.

Basi, msomaji mpenzi, kama una cheo, kiwe kikubwa au kidogo, hata kama ni cha kutunza ufunguo wa kanisa, jiulize jioni moja: nani katika watu walio chini ya mkono wangu hana mtu? Mtafute huyo kwanza. Na kama huna cheo, jiulize ni nani unayemwita ndugu, na neno hilo limekugharimu nini mwaka huu. Kama halijakugharimu kitu, huenda hujaanza kulisema.

Sisi tulikwenda kwa yule mama, tukiwa tumechelewa sana. Tulimpelekea fedha iliyompasa, kutoka mifuko yetu wenyewe, nasi tukamwomba radhi. Alitukaribisha tukae. Hakusema kwamba ametusamehe, nasi hatukumwuliza. Alituandalia chai, na tulipoondoka alitusindikiza mpaka barabarani, kama mtu anavyowasindikiza watu wa kwao.